Neno "Kwaheri": Maana Yake na Njia Lililopita

Kila siku tunatamka neno hili: ku masomo, ku soko, mlangoni kwa jirani. "Kwaheri, mama." "Kwaheri ya kuonana, baba." Lakini vijana wengine siku hizi wanauliza: juu ya nini tuendelee na neno la Waarabu, watu waliokuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa? Si afadhali kusema "baye" ao "orevwari"? Swali hilo si la kuchekelea. Tulijibu pole pole.

Kwanza maana. Neno lina vipande viwili: "kwa", ambayo ni yetu ya kibantu, na "heri", iliyotoka katika Kiarabu, ambako "khayr" ni wema, jambo jema. Kinyume chake ni "shari". Ni "heri" ile ile tunayoisikia katika "Heri ya Mwaka Mpya", na katika mezali ya bazee: heri nusu shari kuliko shari kamili. Basi anayesema "kwaheri" hatangazi tu kwamba anaondoka. Anasema: tuachane kwa wema, pasipo shari kati yetu.

Sasa njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikafika Manyema. Nyangwe na Kasongo zikawa miji mikubwa ya biashara. Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, aliweka makao yake Kasongo. Tusifiche ubaya wa nyakati zile: tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka wa 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakiuawa kwa bunduki ndani ya soko la Nyangwe, wengi wao wanawake. Na wale waliofungwa minyororo wakapelekwa mbali, hakuna aliyewapa nafasi ya kuaga jamaa zao.

Lakini ni nani alileta lugha yenyewe? Waarabu walikuwa wachache. Wengi katika misafara walikuwa wapagazi, askari, wapishi na wake zao: Wanyamwezi, watu wa pwani, na baadaye wana wa Manyema wenyewe, walioitwa Wangwana. Ndio maana bazee waliita Kiswahili chetu Kingwana. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala wa mabwana wale, ila lugha haikuondoka nao. Wamisionari waliifundishia dini kandokando ya Tanganyika, na kisha ikawa lugha ya kambi za wafanyakazi wa migodi kule Katanga. Basi neno "kwaheri" lilifika kwetu katika vinywa vya Waafrika, wengi wao watu wa kubeba mizigo.

Tena, lilipofika halikukuta nyumba tupu. Desturi yetu ya kibantu inatofautisha anayekwenda na anayebaki. Kwa Kilingala: "kende malamu" kwa mwenye safari, "tikala malamu" kwa mwenye kubaki. Sisi kwa Kiswahili chetu tunasema vile vile: "uende muzuri", "ubakie muzuri". "Kwaheri" haikufukuza maneno hayo. Yenyewe inasemwa na wote wawili, halafu kila mmoja anaongeza lake.

Na kitendo chenyewe tunakiita kwa neno la kibantu safi: kuaga. Kutoka hapo tunapata "kuagana", "kuagiza", na "agano", lile la Agano la Kale na Agano Jipya. Kumbe, kwa babu zetu, kuagana kulikuwa karibu na kuahidiana. Kilingala kina "elaka", maana yake ahadi. Kinyarwanda kina "kuraga", ni kusema utakachowaachia watoto. Maneno hayo ni ndugu. Mtu akiaga, anaacha neno la kushikwa.

Ndiyo sababu bazee wengi hawapendi kumwambia mgonjwa "kwaheri" tupu. Wanaongeza "ya kuonana" ao wanasema tu "tutaonana". "Kwaheri" yenyewe wanaiwekea kilio, mbele ya kaburi. Ndiyo sababu pia, tangu vita vya 1996, familia nyingi za mashariki zilizotawanyika usiku zinasikitika sana juu ya jambo hili moja: hatukuagana.

Basi kwa vijana wetu jibu ni hili. Neno halina kosa la barabara lililopita. "Baye" na "orevwari" nayo yalikuja na wageni, tena wenye bunduki. Tusichague neno kwa kuangalia nani alitangulia kulisema. Tuangalie linatuomba nini. "Kwaheri" inatuomba tusiachane na shari moyoni. Basi wazazi, tuwafundishe watoto kuaga mbele ya kutoka nyumbani, hata wakienda karibu.