Datsun za Safari: motoka za Japani zilizopata jina kwenye matope ya jirani

Kasindi, mahali mto Lubiriha unapotenga Kongo na Uganda, shofere hubadili upande wa njia. Ngambo ya Mpondwe watu wanaendesha kushoto, huku Kongo ni kuume. Motoka nyingi zinazovuka mupaka huo zimetoka Japani, ambako pia wanaendesha kushoto, ndiyo maana vola yao iko kuume. Mkaaji wa Butembo ao Beni anazijua kwa kazi: Toyota inayobeba kahawa, Fuso inayobeba mbao, teksi ya kila siku. Lakini Japani ilitengeneza vilevile motoka za mbio. Baadhi ya zile ambazo matajiri wa Ulaya na Marekani wanazitafuta leo kama mali ya kuhifadhi zilipata jina lao si mbali na hapa, kwenye njia za Uganda, Kenya na Tanzania.

Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa heshima ya kutawazwa kwa malkia Elizabeth. Yalipita katika inchi hizo tatu. Haikuwa mbio ya kuzunguka uwanja. Ilikuwa maelfu ya kilometa, usiku na mchana, na baadaye yaliwekwa siku za Pasaka, wakati mvua inapoanza kukata njia. Mtu aliyewahi kulala ndani ya motoka kati ya Beni na Kasindi akingoja lori litolewe kwenye tope ataelewa bila kuchorewa picha. Mwaka 1963 motoka 7 tu ndizo zilimaliza. Mwaka 1968 tena 7.

Mwaka ule wa 1963 ndipo Nissan ya Japani ilipoleta motoka zake kwa mara ya kwanza, kwa jina la Datsun. Wakati huo walioheshimiwa ni Volkswagen, Peugeot, Ford na Mercedes. Wajapani walishindwa, wakarudi mwaka uliofuata, wakarudi tena. Wenyewe walilichukua jambo hili kwa uzito mkubwa hata ikatengenezwa filamu juu ya Safari huko Japani, mwaka 1969. Mwaka 1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekaa Kenya, akashinda akiwa na Datsun 1600 SSS. Ilikuwa motoka ya familia, milango minne, yenye moteri iliyoongezewa nguvu.

Mwaka 1971 Herrmann alishinda tena, lakini safari hii na kitu kingine kabisa: Datsun 240Z. Viti viwili, pua ndefu, mwili uliolala chini, moteri ya silinda 6 na lita 2.4. Ukiitazama, ungesema ni motoka ya kijana wa muji anayependa kujionyesha kwenye lami. Kumbe ilivumilia mashimo kuliko nyingi zilizoonekana ngumu. Ya pili mwaka huo ilikuwa pia 240Z, na aliyeiendesha alikuwa kijana wa Uganda, Shekhar Mehta.

Habari ya Mehta inastahili kusimuliwa polepole. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Wahindi wenye mashamba makubwa. Mwezi wa 8 mwaka 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi wanapaswa kuondoka, akawapa siku 90. Maelfu ya watu waliozaliwa kule, ambao hawakujua kwingine, waliacha nyumba, maduka na mashamba, wakatoka na sanduku. Mehta alikimbilia Kenya. Familia zilizotoka Eringeti, Oicha ao vijiji vya Lubero, zikaacha shamba la kakao likiwa tayari kuvunwa, hazihitaji kufafanuliwa maana ya siku hizo 90. Wengine hawakupewa hata saa moja.

Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, Mehta alikuwa kwenye mstari wa kuanzia, ndani ya 240Z. Mwishoni yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun vilevile, walikuwa na hesabu sawa ya adhabu. Ushindi akapewa Mehta, kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupoteza muda. Ndio mwaka ambao Safari iliingia katika ubingwa wa dunia, ulioanza wakati huo. Baadaye akashinda mara 4 mfululizo, tangu 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun ya namna ya Violet. Jumla mara 5. Hakuna mwingine aliyefikia hesabu hiyo katika Safari. Alifariki mwaka 2006, London.

Wa Mitsubishi nao walikuwa na mtu wao, Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda 1974 na 1976 na Lancer ndogo ya moteri ya 1600. Toyota ilichelewa: Celica zake zilianza kushinda Safari mwaka 1984 tu.

Leo hesabu ya pesa imegeuka. Toyota 2000GT, ambayo zilitengenezwa kama 350 tu, iliuzwa Marekani mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni moja. 240Z na ndugu zake zilitengenezwa nyingi zaidi, lakini kutu ilizila sana, kwa hiyo iliyobaki nzima ina bei. Huku Butembo, motoka ya zamani hukatwa vipande ili nyingine iendelee kutembea: giaboksi huku, milango kule. Hilo si ujinga. Mwenye kulea watoto kwa teksi moja hawezi kuweka chuma chini ya turubai ili kukitazama siku ya Mungu. Na kwenye RN4 moto haukuuliza umri wa motoka: mwezi wa 9 mwaka 2021, msafara uliposhambuliwa Ofaye, zilizoungua zilikuwa tegemeo la familia nzima-nzima.

240Z iliyoshinda 1971, nyekundu yenye kifuniko cheusi, namba 11, iko Zama, karibu na Tokyo, ndani ya ghala la kumbukumbu la Nissan, ambayo iliirudishia uzima mwaka 2013. Nyingine za namna yake bado zinatembea katika mashindano ya motoka za zamani yaliyoanzishwa Kenya mwaka 2003. Safari yenyewe ilitolewa katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi mwaka 2021, kandokando ya Naivasha, na tangu hapo hadi 2025 kila mwaka imeshindwa na Toyota tu.