Dansi na Fimbo ya Gwaride katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Makala haya mafupi yanakusudia kueleza jinsi sanaa mbili za mwili, dansi na uzungushaji wa fimbo ya gwaride, zilivyopokewa katika vyuo vikuu vya Marekani. Zote mbili hudai mazoezi ya miaka mingi. Hata hivyo moja ilipewa shahada, na nyingine ikaachiwa uwanja. Tofauti hiyo ilitoka wapi?

Dansi iliingia kwa mlango wa elimu ya viungo. Mwaka 1917 Margaret H'Doubler, aliyekuwa amesomea biolojia na kuwafundisha wasichana mpira wa kikapu, alianza kufundisha dansi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, mjini Madison. Hakuwa mchezaji wa jukwaani. Aliwalaza wanafunzi sakafuni ili wauchunguze mwendo wa viungo vyao kabla ya kusimama. Hivyo dansi ilijieleza kwa lugha iliyoeleweka chuoni: elimu ya mwili, falsafa na ualimu. Mwaka 1926 chuo hicho kikawa cha kwanza nchini humo kutoa shahada ya dansi. Mwaka 1951 shule ya Juilliard, New York, nayo ilifungua kitengo cha dansi chini ya Martha Hill, kwa shabaha ya kuwaandaa wachezaji wa jukwaani.

Fimbo ilipita njia nyingine. Asili yake ni rungu refu la kiongozi wa bendi ya kijeshi. Bendi za vyuo ziliiga gwaride la jeshi; fimbo ikafupishwa, ikawa ya chuma chembamba chenye mpira katika ncha zote mbili, na wasichana wakaizungusha na kuirusha juu. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilianzisha cheo cha Golden Girl, mzungushaji anayetangulia bendi. Baadaye, mwaka 1980, mashindano ya dunia yalifanyika mjini Seattle. Pamoja na hayo, fimbo ilibaki mali ya bendi. Mwanafunzi anayezipenda sanaa zote mbili husomea dansi darasani, kisha hujaribiwa ili aingie katika bendi. Baadhi ya vyuo humpa msaada wa karo. Siku ya kuhitimu, ni dansi tu inayoandikwa katika shahada yake.

Jambo hili si geni kwetu. Ngoma ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki kwa kuiga bendi na gwaride, ilifika hadi Katanga baada ya vita vya 1914-1918, ikiwa na vyeo na nidhamu yake. Mengi waliyoyajua viongozi wake hayakuandikwa kamwe. Ugumu wa ujuzi peke yake hauufikishi chuoni. Sharti apatikane mtu wa kuueleza. Kazi hiyo ni yetu, nayo yafaa ifanywe wangali hai wazee wanaojua kucheza.