Historia ya vitisho vya usalama wa mtandao nchini Tanzania

Vitisho vya usalama wa mtandao ni mbinu zinazotumika kuiba, kuharibu au kuingilia bila ruhusa taarifa, fedha na mitambo inayotegemea kompyuta au simu. Nchini Tanzania vilianza na virusi katika kompyuta chache za mijini. Leo vinafika hadi vijijini, kama vile Kirua Vunjo katika wilaya ya Moshi Vijijini, kwa njia ya simu ya mkononi.

Kipindi cha kompyuta

Mwaka 1971 ilitokea Marekani programu iliyoitwa Creeper, iliyohama yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kudhuru. Mnyoo wa Morris, wa tarehe 2 Novemba 1988, ulikwamisha maelfu ya kompyuta. Tanzania ilikuwa na kompyuta chache mno wakati huo, kwani mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Baadaye virusi vilienea kwa disketi, kisha kwa flashi zilizozunguka maofisini na katika vibanda vya intaneti.

Kipindi cha simu

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2008, M-Pesa ilipoanza Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Awali mtu aliyefanya kazi Dar es Salaam alituma fedha nyumbani Uchaggani kwa mkono wa msafiri au kondakta wa basi.

Utapeli uliovuma zaidi hauhitaji ujuzi wowote wa kompyuta. Ni ujumbe mfupi: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hupelekwa kwa watu wengi bila kuchagua, na humnasa yule ambaye kweli alikuwa anataka kutuma ada, kodi ya nyumba au fedha za dawa. Wengine hujifanya walimu na kumpigia mzazi kwamba mwanawe amelazwa, au wahudumu wa kampuni ya simu wanaoomba namba ya siri. Mtambo wenyewe hauguswi. Mwenye simu hutuma fedha kwa mkono wake, na hivyo ni vigumu kuzirudisha.

Sheria na usajili

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Wanahabari na watetezi wa haki waliipinga, hasa kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, wakisema kinaweza kubana uhuru wa maoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilifuata mwaka 2022.

Usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa ulianza Mei 2019. Hata hivyo utapeli haukukoma, kwa kuwa laini inaweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua, naye akatafutwa kwa kosa la mwingine. Mwenye simu anaweza kupiga *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa jina lake, na kupeleka namba ya tapeli kwenda 15040.