Ufanisi wa Nishati: Kazi Ileile kwa Uniti Pungufu

Ufanisi wa nishati ni uwiano kati ya kazi tunayoipata na nishati inayotumika kuipata. Unapoongezeka, chumba kinabaki na mwanga uleule na friji na baridi ileile, ila uniti zinazotumika ni pungufu. Nyaraka za serikali husema pia "matumizi bora ya nishati", maneno yanayogusa zaidi mwenendo wa mtumiaji. Kubana matumizi ni jambo jingine. Anayezima taa wakati mtoto anasoma ameokoa uniti, lakini kazi ya taa nayo imekosekana.

Tuitazame dhana hii Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, iliyokuwa sehemu ya Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Mbunge wa Bukombe, Doto Biteko, aliteuliwa kuwa Waziri wa Nishati Agosti 2023, na mwaka uliofuata Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, likaanza kuzalisha umeme. Mazungumzo yetu ya nishati yamejaa habari za kuzalisha na kusambaza. Lakini umeme ukishaingia kwenye mita ya LUKU, unaishia ndani ya nyumba ambazo tayari zimesimama, na hakuna atakayezibomoa ili ajenge bora zaidi. Tunachoweza ni kuzirekebisha, tukianza na marekebisho yanayolipa mapema.

Kipimo cha kuchagua pa kuanzia ni muda wa kurejesha gharama: fedha uliyotoa, ugawe kwa fedha unayookoa kila mwezi. Chukua nyumba yenye balbu tatu za kizamani za wati 60, zinazowaka saa tano kila usiku. Kwa mwezi zinakula uniti 27. Taa za LED za wati 9 hutoa mwanga unaokaribia huo kwa uniti 4 hivi. Uniti 23 zimebaki.

Thamani ya uniti hizo inategemea uko ngazi ipi ya bei. Katika bei za mwaka 2016 za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za umeme, mteja mdogo wa nyumbani alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila iliyozidi, kabla ya kodi. Kwa bei hizo, anayetumia uniti 90 analipa shilingi 12,750. Akishuka hadi 67, analipa 6,700. Kama taa tatu zilimgharimu shilingi 12,000, fedha yake imerudi ndani ya miezi miwili.

Baada ya taa, tazama juu. Ushirombo iko karibu na ikweta, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na bati hukusanya joto lake na kulishusha chumbani. Dari yenye nafasi ya hewa juu yake, matundu ya kutolea joto chini ya paa na rangi nyeupe juu ya bati hupunguza joto kabla hujalipia umeme wa kuliondoa. Hapo mwenye gesti aliyekuwa anawaza kununua kiyoyozi anaweza kutosheka na pangaboi. Akumbuke tu kwamba pangaboi halipozi chumba. Hukausha jasho mwilini, kwa hiyo likizunguka mahali pasipo na mtu ni hasara tupu. Dukani, kagua raba ya mlango wa friji: ikilegea, joto linaingia usiku kucha na mota haipumziki. Raba ina bei ndogo kuliko friji mpya.

Kikwazo kikubwa kimo katika makubaliano ya nyumba za kupanga. Dari hulipiwa na mwenye nyumba, uniti hununuliwa na mpangaji. Wapangaji wanapochangia LUKU moja kwa mafungu sawa, aliyenunua taa bora anawaokolea wenzake huku akilipa sawa na mwenye jiko la umeme. Mita ndogo kwa kila chumba humpa kila mtu hesabu yake. Mwenye nyumba na wapangaji wakikubaliana kugawana gharama ya dari, wote watakuwa na sababu ya kuijenga. Bila makubaliano hayo, hata rekebisho linalolipa haraka kuliko yote litabaki bila mtu wa kulifanya.