Hesabu ya Wageni na Funzo la Mocímboa da Praia



Kila mwaka serikali za nchi za pwani yetu hutangaza idadi ya watalii waliozizuru. Idadi ikipanda, twafurahi, ikishuka, twasikitika. Ni wachache wanaouliza hesabu hiyo ilifanyika katika mlango upi, na ni nani aliyeachwa nje yake. Katika mazungumzo yetu ya leo tutalitazama swali hilo kwa kuanzia mahali pasipotajwa mara nyingi utalii unapozungumzwa: bandari ya Mocímboa da Praia, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji.

Wenyeji wa Mocímboa husema Kimwani, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, na pia Kimakonde na Kiswahili chenyewe. Kwa pepo za kaskazi na kusi, majahazi yaliiunganisha pwani hiyo na Kilwa na Unguja muda mrefu kabla Wazungu hawajaufanya Mto Ruvuma kuwa mpaka. Watu walikuja kufanya biashara, kusoma dini, kuoa na kuhani msiba. Hakuna aliyewaandika daftarini.

Daftari lilikuja na utawala wa kigeni. Mwaka 1891 Ureno iliipa Kampuni ya Niassa hati ya kulitawala eneo hilo, na hati hiyo ilikoma mwaka 1929. Kampuni ilihesabu watu ili itoze kodi na kupata vibarua wa kazi za kulazimishwa. Watu wengi walivuka Ruvuma wakaingia Tanganyika ili kuikimbia hesabu hiyo. Hapo tunapata funzo la kwanza: daftari humwona yule ambaye mwenye daftari anamtafuta, na wapo watu wenye sababu nzuri ya kutotaka kuonekana.

Hesabu ya watalii nayo ina historia yake. Mwaka 1937 Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, lilipendekeza kwamba mtalii ni mtu anayezuru nchi isiyo makazi yake kwa muda usiopungua saa 24. Mwaka 1963 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Roma ulipanua maana ya mgeni. Ukakubali kwamba anayekuja kustarehe, anayekuja kwa biashara, na anayekuja kuwatazama jamaa zake, wote ni wageni, mradi hakuja kuajiriwa na kulipwa katika nchi anayoizuru. Wahenga wetu walikuwa na kipimo chao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukitazama vema, vipimo hivi viwili vinauliza mambo yale yale: umekaa siku ngapi, na umekuja kufanya nini?

Kwa kanuni hiyo, mama aliyetoka Mtwara kwa mashua akalala siku mbili Mocímboa kwa arusi ya binamu yake ni mgeni kamili wa kimataifa, sawa na tajiri aliyeshuka kwa ndege ndogo katika kisiwa cha Vamizi. Tofauti ni kwamba tajiri alipita mbele ya ofisa mwenye muhuri. Mama alishuka ufukoni, akapokelewa na wajomba.

Tuone sasa hesabu inavyoweza kusaidia ikifanywa kwa uangalifu. Tanzania ilipokea wageni 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia za dunia, idadi hiyo ilianguka hadi 620,867. Mwaka 2023 ilifika 1,808,205. Idadi hizo peke yake zinatuambia kwamba mlango ulifungwa kisha ukafunguliwa. Hazisemi ni nani aliyerudi, wala aliacha fedha kiasi gani. Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 2001 Wizara ya Maliasili na Utalii, Benki Kuu na ofisi ya takwimu, kwa kushirikiana na wenzao wa Zanzibar na Idara ya Uhamiaji, zimekuwa zikiwahoji wageni wanapoondoka. Huwauliza walikotoka, kilichowaleta, walilala siku ngapi na walitumia kiasi gani. Majibu yao yameonyesha mara kwa mara kwamba mgeni aliyelipia safari nzima kwa pamoja hutumia fedha nyingi zaidi kwa siku kuliko aliyejipangia mwenyewe. Basi soko lenye watu wengi si lazima liwe ndilo lenye mapato makubwa.

Turudi Msumbiji. Wageni wengi wa nchi hiyo hutoka nchi jirani, hasa Afrika ya Kusini, na wengi huingia kwa magari wakielekea fukwe za kusini. Mocímboa iko mbali na Maputo kwa zaidi ya kilomita 2,000 za barabara. Anayechukua wastani wa taifa zima akautumia kuipangia Mocímboa atakuwa amemshonea mtu nguo kwa kipimo cha jirani yake.

Kisha likaja balaa. Tarehe 5 Oktoba 2017 waasi waliishambulia Mocímboa. Mwezi Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, na mwezi Agosti mwaka huo huo waasi wakaiteka bandari. Majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliukomboa mji tarehe 8 Agosti 2021. Kufikia mwaka huo, watu zaidi ya laki saba walikuwa wameyakimbia makazi yao katika jimbo hilo.

Mtu akiona idadi ya wageni imeshuka katika miaka hiyo, aseme ni kwa sababu ipi: vita, kimbunga au maradhi? Kila sababu ina dawa yake, na tarakimu moja haiwezi kuzitenganisha. Tena, kanuni za kimataifa haziwahesabu wakimbizi wala wanajeshi kuwa wageni wa utalii. Kwa hiyo katika miezi ile ambayo njia za Mocímboa zilijaa watu kuliko wakati mwingine wowote, kitabu cha utalii kilikuwa kitupu.

Hatari iliyopo ni hii. Mpangaji aliye mbali akiona ukurasa mtupu, ataamua kwamba Mocímboa haina wageni, wala haihitaji gati, soko au nyumba ya kulala wageni. Au ataona ufuko mzuri, akaugawa kwa hoteli ya watu wasiojulikana kama watakuja. Makosa yote mawili yatalipwa na mvuvi na mchuuzi ambao tayari wamepoteza vya kutosha.

Hapana budi, basi, hesabu ianzie gatini na vivukoni, kwa maswali machache yanayoeleweka. Na itenganishwe kabisa na kodi na polisi, maana wajukuu wa waliolikimbia daftari la Kampuni bado wanakumbuka. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone, kwanza ajue mgeni wake ni nani.