Tarehe ya Waimbaji wa Nashville

Hii ni habari ya Nashville katika jimbo la Tennessee, na asili ya muziki wake. Wako wanaoandika kwamba muziki huo ulianza mwaka 1925, redio ya WSM ilipoanza kurusha nyimbo za watu wa milimani. Sivyo. Miaka hamsini kabla ya redio hiyo, sauti za Nashville zilikwisha kuvuka bahari.

Chimbuko ni Ella Sheppard, aliyezaliwa utumwani mwaka 1851. Mama yake aligundua kuwa bibi mwenye nyumba anamfundisha mtoto kumpeleleza mzazi wake, akambeba hadi Mto Cumberland wajitose wote wawili. Kikongwe mmoja akamzuia, akamwambia: mtoto huyu atasimama mbele ya wafalme. Baadaye baba yake, aliyekwisha kujikomboa, alimnunua bintiye kwa dola 350.

Mwaka 1866 shule ya Fisk ilifunguliwa kwa walioachwa huru, ndani ya mabanda ya hospitali ya jeshi. Haikuchukua muda ikazama katika madeni. Tarehe 6 Oktoba 1871 waimbaji 9 wa shule hiyo walifunga safari ya kutafuta fedha na mweka hazina wake, George White, Ella akiwapigia piano. Chicago ilipoungua, wenyewe wakiwa na dhiki, walitoa pato la onyesho zima kwa waathirika. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria, na neno la kikongwe likatimia. Wazee wa Nashville husema malkia alinena kuwa watu hawa lazima wametoka katika mji wa muziki, na jina likabaki. Fedha zao ndizo zilizojenga Jubilee Hall pale Fisk, iliyofunguliwa mwaka 1876.

Baada ya waimbaji hao, Tom Ryman, mwenye meli za mvuke, alijenga ukumbi wake mjini humo mwaka 1892. Kisha ikaja redio: DeFord Bailey, mjukuu wa mtumwa, alipuliza harmonika katika kipindi cha WSM mwaka 1927 ikalia kama treni, na usiku ule ule mtangazaji akakipa kipindi hicho jina la Grand Ole Opry. Mwaka 1941 WSM ilimwachisha Bailey kazi.

  Ewe msomaji, ukifika Nashville, anzia Fisk: Jubilee Hall ingali imesimama, na picha kubwa ya waimbaji wale imo ndani.