Maktaba ya Ukutani

Ngome ya Runkelstein imekaa juu ya jabali, nje kidogo ya mji wa Bolzano, kaskazini mwa Italia. Nilipanda nikitarajia mapanga na mashimo ya kurushia mishale. Nikakuta hadithi.

Ilijengwa mwaka 1237, ila michoro yake imetokana na pesa ya biashara. Mwaka 1385 Niklaus Vintler na ndugu yake Franz, matajiri wa mjini, waliinunua, kisha wakaita wachoraji. Chumba kimoja ni cha Tristan na Isolde, wamechorwa kwa rangi ya kijani. Kingine ni cha Garel, shujaa wa mfalme Arthur. Nje, barazani, wamepangwa watatu watatu: wafalme, wapenzi, hata majitu.

Nilicheka kimoyomoyo. Hawa jamaa si walikuwa wanajionyesha tu? Huna ukoo wa kikabaila, basi unanunua kuta zao na mashujaa wao.

Lakini mwaka 1411 Hans Vintler, wa ukoo huohuo, alikamilisha utenzi mrefu kuhusu maadili. Kumbe nyumba hii ilisoma kweli! Nikaona aibu kidogo. Mimi mwenyewe nimewahi kununua vitabu ili vionekane kwenye rafu, na vingine vikaishia kunibadilisha.

Mwaka 1868 sehemu ya ukuta wa kaskazini iliporomokea bondeni pamoja na michoro yake. Palipobaki, Tristan bado yupo na Isolde wake. Wafanyabiashara wale tunawakumbuka kwa sababu yao.